Mgeni wa Nani

Bwana Liang, mchoraji wa viwanja kutoka Guangdong,
amepiga goti kwenye shimo la saba, upande wa Tegeta.
Anapapasa nyasi. Anauliza kupitia mkalimani:
mkunjo huu wa ardhi, nani aliuchora?

Fimbo kumi na nne begani, najibu:
mvua, bwana. Na mama yangu.
Hapa palikuwa na matuta yake ya mchicha;
mwaka wa El Nino aliupinda mfereji kwa jembe.

Mkalimani anatafsiri mvua tu.

Kwao, anasema, walihamisha kilima kizima.
Mgeni akilipa, geti hufunguka.
Nafuta mpira, nanyamaza.

Jumapili mama alikuja.
Mlinzi, daftari mkononi: mwanachama?
Siyo.
Mgeni wa nani, basi?

Akauonyesha mfereji kwa kidevu.