Hesabu ya Gari Lisilokunywa

Lilivuka Malaba na vumbi la nchi mbili,
nikalisainia kwa jina langu, Wepukhulu,
dereva wa kukodiwa, stendi ya Mbale.
Bei ya gari. Juu ya bei, ushuru.
Juu ya ushuru, kodi ya uzee,
maana lilizaliwa Japani kabla ya binti yangu.
Mama alipoisoma risiti akauliza:
"Na mimi watanitoza lini?"

Fahali wa tohara ya Wamboga aliondoka kwanza.
Ikafuata kahawa ya Bududa, ya msimu ambao haujachanua.
Kisha chama cha akiba: milioni kumi na mbili.
Nandudu akaweka kidole gumba penye mstari
bila kunitazama.

Halinywi, niliwaambia.
Gari la Mutenyo hunywa kama mjomba wake
kwenye chungu cha malwa, mrija mrefu,
macho yamefumbwa, mpaka chini.
Langu huonja tu,
bibi harusi mezani pa wakwe.
Mbale hadi Soroti, Soroti hadi Mbale,
mshale umesogea unene wa ukucha.

Lakini kimya nacho kina bei.
Linatambaa bila mlio, hakuna alisikiaye.
Pale Nakaloke nimelipia kuku watatu,
na mwenyewe akaapa wote walikuwa wakitaga,
hata yule jogoo.

Kila asubuhi, nikiwasha,
mwanamke aliye ndani ya kioo
hunena nami kwa Kijapani, kwa adabu nyingi.
Khainza, miaka saba, humwitikia: mulembe.
Mimi husikiliza kichwa kimeinama.
Nahisi ananikumbusha tarehe ya rejesho.

Mwaka wa pili, mwezi wa mvua,
pembetatu nyekundu ikawaka
nikiwa na mwalimu mkuu na mifuko yake ya saruji.
Lilivutwa kwa kamba hadi Kampala, gereji ya Ndeeba.
Fundi Isabirye akang'oa kiti cha nyuma,
akaitoa betri kwa mikono miwili,
taratibu, kama mtu anayembeba mtoto aliyelala.
"Chumba cha saba kimekufa.
Majirani zake wanaumwa."
Bei aliitaja kwa sauti ya daktari.
Nikaushika mlango.

Nandudu ana daftari. Sikujua.
Kushoto ameandika petroli ambayo hatukuinunua,
wiki baada ya wiki, tangu siku ile ya vumbi.
Kulia: riba, tairi, kuku, kamba ya kuvutia, betri.
Akapiga mstari. Akajumlisha. Akafuta.
Akajumlisha tena, ulimi umebana kwenye meno.
"Tumepata," akasema,
"elfu arobaini na mia tano."
Miaka miwili.
"Pamoja na fahali?"
"Fahali sijamwandika."

Mwaka wa shufwa unakaribia.
Wamboga ametanuka mabega, sauti imeshuka,
anapita zizini kila jioni
kana kwamba kuna kitu mle cha kulisha.
Haulizi.
Ningeomba aulize.

Ila usiku, nikimshusha abiria Kapchorwa
na kurudi peke yangu kwa mteremko wa Sipi,
nagusa breki kidogo tu
na picha kwenye kioo inageuka:
mishale inatoka magurudumuni
inarudi kwenye betri, moja, moja,
injini imezima, upepo mtupu, harufu ya migomba iliyolowa.
Petroli niliyoiteketeza nikipanda
mlima unanirudishia, chenji ndogo ndogo,
bila stakabadhi, bila kidole gumba.
Katika wote ninaodaiana nao
ndiye pekee anayenilipa bila kukumbushwa.

Kwa hiyo nashuka polepole kuliko inavyopasa.
Malori yananipigia honi, yananipita.
Yapite.
Taa za Sironko zinaonekana kule chini,
na kesho ni Ijumaa, siku ya rejesho.
Mwanamke wa kioo ananena jambo.
Mulembe, namwambia.