Mchuzi wa Rejeta

Fundi Mchome hakuuliza gari ni la mwaka gani.
Aliuliza upana. Nikampa uzi wa katani
wenye mafundo matatu, alioufunga baba
siku aliyokosa futi ya kupimia:
fundo hadi fundo, kimo; la tatu, mdomo wa paipu.

Ziko tatu, akasema, akazilaza juu ya gunia.
Hii ya alumini, mpya, nyepesi kama sahani ya harusi,
matanki ya plastiki. Ikipasuka unaitupa,
haikubali lehemu.
Hii ya Isuzu iliyoanguka Himo. Nzima,
ila tutakata fremu, tuhamishe masikio,
na Bedford yako itavaa kofia ya jirani.
Ya tatu ni yako mwenyewe, dada.
Nikuwekee kifua kipya cha shaba, tanki la juu libaki.
Ghali kuliko zote, na utasubiri hadi Ijumaa.

Nilikwisha fungua mdomo niseme alumini.
Nina ndizi Mwika, zinaiva bila kumsubiri mtu.

Akawasha moto, akabandua tanki la zamani,
akachokonoa mirija kwa spoki ya baiskeli.
Ikatoka bizari, imeganda, ingali njano.
Ukatoka ute wa yai. Majivu. Machicha ya kahawa.
Kitu cheupe: sabuni, akasema, au sembe.
"Mzee wako alikuwa anapika humu!"
Gereji nzima ya Njoro ikacheka. Nami nikacheka,
huku nahesabu:
bizari ni mwaka wa foleni;
yai, mama akimlaumu kuku asiye na kosa;
sabuni, ada yangu ya kidato cha kwanza.
Kila tundu liliziba kwa kilichopatikana jikoni,
pesa yake ilikwenda kwingine.

Nikasema Ijumaa.

Kifua cha zamani kikapimwa kilo pamoja na chuma chakavu.
Sikukitetea. Shaba ni shaba,
nikainunulia dizeli.

Jumamosi tukapanda na mifuko ya saruji.
Sindano ya joto ilisimama nusu, kama mtu aliyekatazwa.
Kwenye kona ya mfereji, pale tunapochemkaga siku zote,
Eliufoo, utingo wangu mwaka wa kumi na tisa huu,
alikwisha kumbatia galoni, mguu mmoja nje ya mlango.

Nikabadili gia.

Akarudi kitini polepole, galoni magotini,
tupu, jekundu,
hajui alishike vipi.