Fundi wa Mashimo

Mimi kazi yangu mashimo.
Mwezi wa nne, theluji ikikata tamaa hapa Sudbury,
barabara ya Lorne hufumuka kama mshono wa suruali kuukuu.
Mimi na Rejean, usiku, taa ya manjano ikizunguka juu ya lori,
tunafagia maji, tunamwaga lami ya moto,
tunashindilia, tunasogea.
Miaka kumi na minane. Shimo nalijua:
ni mahali palipokuwa na kitu, kikang'oka.
Lina mdomo, lina kitako.
Mabeleshi matano, au saba,
likashiba.

Sikudhani akaja likizo kutoka chuoni
(ndilo jina lake; mimi na mama yake
tulikwisha kuacha kutarajia, akatokea).
Akanikuta jikoni saa kumi alfajiri navua buti.
Baba, akasema, na mimi nasomea mashimo.
Chai ikanipalia.
Ada yote ile?

Meusi, akasema. Ya huko juu.
Tena si mashimo.
Hakuna kilichong'oka. Kilichopo kimezidi.
Nyota kubwa ikiishiwa kuni hujiangukia yenyewe,
hujikunja, ikajikunja tena,
mpaka mzigo wa majua kumi
ukaenea kati ya hapa na Espanola.
Ukingoni hakuna ukuta, hakuna kibao,
wala zile koni zenu za rangi ya chungwa.
Unavuka. Basi.
Kurudi kunataka mwendo kuushinda wa nuru,
na huo hakuna anayeuuza.
Sisi tuliobaki nje hatutakuona ukiingia:
tutakuona unachelewa, unachelewa,
unageuka mwekundu kama kaa linalozimika,
mguu mmoja bado hewani.

Kina chake?
Akatikisa kichwa. Mizani tunayo, Baba. Kina ndicho hatuna.
Nikayakumbuka mashairi ya shemeji yangu,
lakini sikusema.

Na likijazwa?
Hilo ni swali la fundi, lazima niliulize.
Likijazwa, akasema, linapanuka.

Nikaweka kikombe chini.
Kila beleshi ninalotia, mdomo unazidi!
Kazi hiyo Rejean angeacha siku ya kwanza.

Kitendawili, nikamwambia.
Tega.
Ndani mna nini?

Friji ikanguruma, ikanyamaza.
Wapo wanaosema, akaanza, akilichora kwa kidole
juu ya makombo ya mkate,
katikati mna nukta, na uzito wote umo humo,
na hesabu zikifika hapo hugawanya kwa sifuri, zikawa bubu.
Wengine wanasema nukta ile si mahali, ni wakati:
ukishaingia, iko mbele yako kama kesho,
ukimbilie wapi usiikute kesho?
Wengine, kila kilichomezwa kimeandikwa juu ya ngozi yake,
hakuna herufi iliyopotea, akiba haiozi.
Na wapo, wachache, wanaosema ni mlango,
na ng'ambo ya pili ulimwengu mwingine unaanza kuwaka.

Na wewe?

Alitazama dirishani. Giza la nje
lilikuwa bado halijaamua kuwa asubuhi.
Mimi sijui, akasema. Hakuna ajuaye.
Aliyeingia haleti habari.

Basi nipe mji.
Chukua Sudbury.
Na barabara zake?
Na barabara zake zote, akasema, na mashimo yake.

Nikauchukua. Nikala nikashiba, nikafumbua kinywa
nitoe jibu kama desturi inavyotaka,
kinywa kikabaki wazi.
Mji ninao mpaka leo.
Anaudai kwenye simu kila Jumapili. Simrudishii.

Usiku uliofuata lilitungoja shimo moja karibu na reli,
dogo, la mabeleshi saba.
Nilipiga goti nikalichungulia kwanza.
Maji, changarawe, nusu ya taa ya lori.
Rejean akapiga honi.
Nikatia la kwanza, nikasubiri kidogo,
nikatia la pili.