Mafundi Sakafu

Kamusi haijawapa jina. Nimetafuta.
Mwalimu Chilongani hulitamka lile la Kigiriki
kama mtu anayetema kokwa za zabibu,
kisha anatugeukia: "Tuko pamoja?"
Mimi nawaita mafundi sakafu.

Kwa sababu nilimwona Malogo
akisakafia chumba nilichopanga Ng'ong'ona:
alianzia ukuta wa mbali, amechuchumaa,
mwiko mkononi, akirudi kinyumenyume,
saruji mbichi mbele ya magoti,
mgongo wake ukiutafuta mlango.
Hakukanyaga alichokimaliza.

Ndivyo wafanyavyo hawa, ndani ya ufizi, gizani,
miaka kabla jino halijaota.
Wamebanana bega kwa bega kama uwele uliostawi,
kila seli inamwaga chokaa yake,
inarudi nyuma kidogo,
inamwaga,
inarudi.
Kwa siku moja, unene usiofikia vumbi la Agosti
linalobaki kidoleni ukipangusa dirisha.
Halafu kesho tena.

Na jino likishachungulia, wao hawapo.
Masalia yao husuguliwa na matonge ya mwanzo.
Hakuna hata mmoja aliyeona mtu akicheka.
Mfupa ukivunjika utaunga, ngozi itajifunga kovu,
lakini enameli ikimeguka utamwita nani?
Mafundi walishaondoka, wala hawakuacha namba ya simu.

Gego la mama liling'oka mwezi wa sita.
Lilikuwa limeoza upande mmoja. Nikaliomba.
Akanipa limefungwa kwenye karatasi ya majani ya chai,
akasema, "Wenzako wanaomba mashamba."

Nimelikata. Nimelisugua kwa msasa, juu ya kioo,
jioni tatu, hadi likapitisha mwanga.
Nikaliweka chini ya hadubini.

Hapo ndipo nilipomwona mama yangu akiwa mchanga.

Kuna mstari wa siku aliyozaliwa:
mafundi walishtuka, baridi ile, pumzi ile ya kwanza,
wakasita, wakaendelea.
Kisha mistari myembamba, myembamba, imetulia,
na kila siku ya nane mmoja uliokolea,
kama mtu anayehesabu kwa kuchanja ukuta.
Nilihesabu hadi macho yakatoka machozi.
Kabla kidogo ya miaka miwili
nikakuta weusi.
Mkanda. Fimbo za enameli zimepinda pale,
kazi imelipuliwa, chokaa haikutosha.
Baada yake wanajikongoja majuma mengi
ndipo mistari inanyooka.

Mkanda hausemi ni njaa au surua.
Mwalimu alisema tusiuzushie maneno.

Jumamosi nikapanda basi hadi Kintinku.
Mama alikuwa anapepeta, upepo ukimpelekea makapi shingoni.
"Umeona nini humo?"
"Nimeona siku uliyozaliwa."
Akacheka, mkono umefunika pengo.
"Na kingine?"
"Ulipokaribia miaka miwili. Kama uliumwa. Au chakula."
"Sisi hatukulala njaa," akasema upesi.
"Baba alikuwa na ng'ombe arobaini."

Niliyajua hayo. Nimekua nao, ng'ombe wale arobaini,
ningeweza kukutajia rangi zao.

Akapepeta. Akapuliza. Akaokota kijiwe, akakitupa.
"Ulikuwa ugali wa yanga," akasema,
"ule wa manjano, wa kuletwa na treni.
Mimi sikumbuki. Bibi yako Mbeleje ndiye alisimulia.
Alikuwa anapanga foleni stesheni, mimi mgongoni,
na mdogo wangu tumboni."
Mama hana mdogo.
Sikuuliza.

Ungo ukatulia mapajani.
"Una unene gani, huo mkanda?"
Nikamwambia ukweli, kwa sababu ndicho kitu
nilichofundishwa kupima:
mwembamba kuliko unywele.

Aliupeleka ulimi pale palipokuwa na gego,
akaubakiza hapo muda mrefu.

"Mwembamba hivyo?" akasema.