Moja kwa Arobaini na Nane

Kila kitu nakigawanya kwa arobaini na nane.
Mabawa ya mita kumi na sita yanaenea kwenye sinia,
injini inalala ndani ya kijiko cha chai,
rubani ana kimo cha njugu isiyomenywa.
Vumbi peke yake limekataa hesabu:
chembe moja ikitua kwenye rangi mbichi
ni jiwe la ukubwa wa ngumi juu ya bawa.

Miaka thelathini na mmoja nilichonga meno ya watu,
hapa Pula, ghorofa ya pili, nyuma ya soko la samaki.
Nimewapa tabasamu maharusi na wavuta sigara,
na shemeji yangu Zvane, aliyelitumbukiza la kwake
kwenye pipa la divai, akalivua mwezi wa tatu.
Nilipostaafu nikabaki na zana bila vinywa:
keekee nyembamba, kibanio, kioo cha kukuzia,
na mkono usiojua kukaa kitako.

Ndipo nikaanza mashua hii ya kuruka,
chombo cha wanamaji wa dola isiyokuwepo tena.
Tumbo ni la mashua, mgongo ni wa kitu kingine.
Haikujua ni kiumbe gani, nami sikuilaumu:
bibi yangu alizaliwa Austria, akaolewa Italia,
akazeekea Yugoslavia, akafia Kroatia,
na hakuwahi kuhama nyumba.

Nusu mbili za tumbo hazikukutana sawasawa.
Asiyeziba ufa hujenga ukuta;
mimi nimeuziba mara nne na bado upo.
Nasugua kwa msasa, napuliza, napaka, naona,
nasugua tena. Bandika, bandua. Kahawa inapoa.
Nje, bura inapigapiga vibao vya madirisha.

Nyaya za mabawa nilizichomoa kwenye soksi ya nailoni,
uzi mmoja mmoja, pumzi nimeifunga,
themanini na kitu. Niliacha kuhesabu
nilipopiga chafya kwenye wa sitini.

Picha ni moja tu. Chombo kimevutwa nchi kavu,
wanaume wawili wamevaa makoti ya ngozi,
herufi L ubavuni, kisha tarakimu zilizomezwa na mwanga.
Ukingoni kabisa, mkono wa gauni, mkono tu,
umeshika kitu kinachoweza kuwa mkasi.
Kwetu husemwa ni Foška, mama yake bibi,
aliyeshona kitani cha mabawa kwenye karakana ya jeshi
kwa ujira wa siku na mkate wa shayiri.
Husemwa. Mkono hauna uso.

Lakini juu ya bawa la kushoto kuna kiraka.
Nimekitazama hadi macho yakatoa maji: cha mraba,
mishono imekwenda mbio upande mmoja
na upande wa pili imetulia, kana kwamba
mtu alimwita katikati, akaenda, akarudi.

Nikakishona. Sikukichora: nilikishona,
kwa hariri na sindano nyembamba kuliko zote nilizonazo.
Hapo hesabu ikanishinda. Mshono mdogo
kupita wote niuwezao, ukikuzwa mara arobaini na nane,
ni kamba ya kufungia meli.
Mwamuzi wa mashindano kule Rijeka, Bwana Tonković,
kijana mwenye glavu nyeupe, aliandika:
"Kiraka, kosa la vipimo,"
akanikata alama sita.
Ana haki. Sikukibandua.

Mjukuu wangu Dorijan ameuliza mabomu yako wapi.
Yapo manne, kwenye kiberiti, kila moja punje ya mchele.
Nimeyachonga vizuri, hata mapezi nimeyapaka kijivu.
Alikuwa ameshachovya kijiti kwenye gundi.
Nikamwambia ngoja kwanza,
rangi ya tumbo haijakauka.

Ilikauka tangu Pasaka.