Tundu

Wamelifuta.
Nimepitisha kidole chini ya simu, juu, ubavuni,
kama mtu anayetafuta uvimbe;
liko la chaji tu.
"Siku hizi hazina, mama," akasema Okumbe wa duka la Kondele,
akanisukumia kijisanduku cheupe
chenye vipuli viwili visivyotoboa sikio.
Elfu moja mia tano. Tulishuka hadi mia tisa.

Mimi ni fundi wa sare za shule, Kibuye, safu ya nyuma.
Waya wangu ulipita ndani ya blauzi ukatokea shingoni,
na ndio huo huo uliokuwa antena:
ukiutundika msumarini, redio inanyooka,
matangazo ya vifo yanafika na majina yake yote,
hadi shemeji wa marehemu aliye Mombasa.
Nani aliwalalamikia kuhusu waya?

Jumatatu vipuli viliungana na simu ya Khayesi wa mitumba.
Nikahubiriwa saa nzima sikio la kushoto,
la kulia limenyamaza kama shahidi aliyehongwa.
Jumatano mtangazaji akasema, "Wa kijiji cha Kajulu,
mama yake..." na mwanamke aishiye ndani ya kipuli
akamkatiza kwa Kizungu kwamba nguvu zimemwishia.
Hata mimi, nikamwambia. Lakini nani amekufa?
Nilishona marinda kumi na mawili bila kujua nimlilie nani.

Ijumaa, mvua. Nikiinama kukunja sketi nivuke mtaro,
cha kulia kikaruka, kikaenda na maji na maganda ya miwa.
Mwenye boda akauliza, umepoteza nini?
Sikio, nikasema.
Akatazama kichwa changu pande zote mbili.

Apondi hakupenda kelele za wodi.
Tuligawana waya: yeye upande wenye herufi iliyofutika,
mimi ule uliokwaruza. Waya ulikuwa mfupi,
kwa hiyo kichwa kwa kichwa, mto mmoja,
sakafu ikinuka dawa,
tukisikiliza mpira ambao hatukujua hata nani anacheza na nani.
Akisinzia, shingo yake ilielekea ukutani
na upande wangu ukachomoka sikioni.
Hivyo ndivyo nilivyojua amelala.
Hivyo ndivyo nilivyojua, na ile siku nyingine.

Waya uko kwenye kopo la vifungo.
Nimeupima kwa futi ya ushonaji: sentimita mia na kumi na tano,
na nne zaidi ukiuvuta.
Kipuli kilichobaki nakiacha mezani usiku.
Kinapepesa taa ya buluu, kinapepesa, kinamtafuta mwenzake
aliye mtaroni, au ameshafika ziwani,
labda naye anapepesa.

Okumbe anasema cha kushoto peke yake kinatosha, nivae tu.
Nimemuuliza kama ana simu kuukuu
yenye tundu, hata kama kioo kimepasuka.
Anasema atatafuta.
Hajatafuta.