Jirani na Kaliua

Karani alifika na kishikwambi, mchana wa kiangazi,
suruali imeshika vumbi mpaka magotini.
Hapa panaitwaje?
Itundumo, tukasema. Akatafuta kwa kidole,
akapandisha, akashusha.
Itundumo hamna.

Kaya kumi na saba. Mabani manne ya tumbaku.
Kisima cha maji ya magadi,
na beberu la Kapela, ambalo halikosi kikao.
Akaandika jina mwenyewe, akakosea, akafuta, akaandika tena.
Jirani na wapi?

Hapo kila mtu akataja mji wake.

Mihayo akasema Urambo: ndiko tumbaku yake
hupimwa, hupangiwa daraja, hushushwa daraja,
na pesa hurudi zimekonda
kama ndama wa mwezi wa kumi.

Vijana wakasema Tabora,
ingawa aliyewahi kufika ni Sangija peke yake,
akalala stesheni siku mbili
akarudi na miwani ya jua yenye kioo kimoja.

Mama Doto akasema Kaliua.
Hakueleza.
Tunajua Kulwa alibaki kule.

Nyamizi mrina asali akasema Uvinza,
wala hajakanyaga Uvinza,
ila chumvi ya mboga yake hutoka huko,
na ni mji gani mwingine, akauliza,
unaomwingia mtu mdomoni kila siku?

Karani akafuta jasho. Nafasi ni moja, jamani, mji mmoja.
Aligusa K, Kaliua ikajitokeza yenyewe,
akaiacha.

Nyamizi akainama juu ya kioo, akasoma polepole:
"Jirani na Kaliua." Akaguna.
"Na Kaliua mmeiandika jirani na nani?"

Karani hakujibu. Alikuwa anatafuta mtandao.
Tukampeleka kwenye kichuguu nyuma ya bani la Mihayo,
tunakopigia simu za misiba
na simu za bei.
Akapanda, viatu mkononi,
akakiinua kishikwambi juu ya kichwa
kama mtu anayemwonyesha mtoto treni.

Watoto wakahesabu vijimstari:
kimoja, viwili,
kimoja.

Jina letu likazunguka, likazunguka pale kwenye kioo,
haliendi, halirudi.
Karani akataka kushuka.

"Ngoja kwanza," Doto akamwambia kutoka chini,
"upepo ukigeuka litakwenda."